Sanduku la Barua: Nyuma ya Dirisha la Ubalozi wa India

Barua zilizofika mezani mwetu baada ya toleo lililopita, lililokuwa na makala fupi kuhusu balozi za kigeni, ni nyingi kuliko nilivyotarajia, na zaidi ya nusu zinauliza kuhusu balozi za India. Sababu inaeleweka. Watu wenye uraia au asili ya India wanaoishi nje ya nchi hiyo ni zaidi ya milioni 30, na wengi wenu mmefanya kazi nao, mmeoana nao, mmesoma vyuoni kwao au mmetibiwa katika hospitali zao. Kabla sijakabidhiwa safu hii nilikuwa mkalimani katika idara ya huduma za kikonseli ya ubalozi mmoja, yaani huduma za pasipoti, visa na masuala ya raia, kwa hiyo baadhi ya ninayoyaeleza niliyaona mwenyewe kupitia kioo cha dirisha la kupokelea hati. Barua nimezifupisha, lakini kiini cha kila swali nimekiacha kama kilivyo.

SWALI: Gazeti moja liliandika "Balozi wa India", jingine likaandika "Kamishna Mkuu wa India", na wote walikuwa wakimzungumzia mtu yule yule. Wanafunzi wangu wameniuliza nani amekosea, nikashindwa kuwajibu. (Mwalimu wa sekondari)

JIBU: Hakuna aliyekosea, mwalimu. Nchi za Jumuiya ya Madola zinapopelekeana wawakilishi, mkuu wa ujumbe huitwa Kamishna Mkuu, na desturi hiyo ilianza zama ambazo nchi hizo zilikuwa chini ya mfalme mmoja, ambaye hangeweza kujipelekea balozi yeye mwenyewe. India ilikuwa na Kamishna Mkuu mjini London tangu mwaka 1920, miaka 27 kabla ya uhuru, na jengo lake la India House lilifunguliwa mwaka 1930. Ilipokuwa jamhuri tarehe 26 Januari 1950 ilibaki katika Jumuiya kwa mujibu wa Azimio la London la Aprili 1949, na jina la cheo likabaki nalo. Ndiyo maana anayeiwakilisha India Nairobi, Kampala au London ni Kamishna Mkuu, na anayeiwakilisha Washington au Addis Ababa ni balozi. Hadhi ni moja na kinga ni ile ile, na kwa Kiswahili cha kawaida neno "balozi" linatosha kwa wote wawili.

Ukipata nafasi, wasimulie wanafunzi wako habari za Apa Pant. Mwaka 1948 serikali ya India ilimtuma Nairobi awe kamishna wake kwa Afrika Mashariki yote iliyokuwa chini ya Waingereza, wakati ambapo sisi wenyewe hatukuwa na wizara ya mambo ya nje wala bendera. Aliwahimiza Wahindi wa huku wajione kuwa upande mmoja na Waafrika, na wakati wake vijana wa Kiafrika walipata nafasi za masomo nchini India kwa gharama ya serikali ya huko. Wakoloni hawakumpenda kwa hilo, na mwaka 1954 akaondoka. Ninamtaja kwa sababu mara nyingi tunaudhani ubalozi kuwa ni jengo na itifaki tu, ilhali mtu mmoja anayejua alichotumwa anaweza kuacha alama katika nchi aliyopelekwa.

SWALI: Mimi ni dereva wa teksi. Kila siku ninawashusha watu langoni kwa ajili ya visa na pasipoti, lakini nauliza, hao wakubwa waliomo ndani wanafanya nini kutwa?

JIBU: Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 unaohusu uhusiano wa kidiplomasia, katika kifungu chake cha 3, unataja kazi za ubalozi wowote: kuiwakilisha nchi iliyoutuma, kulinda maslahi ya nchi hiyo na ya raia wake, kujadiliana na serikali mwenyeji, kufuatilia kwa njia halali mambo yanayotokea nchini na kuyaripoti nyumbani, na kukuza urafiki pamoja na ushirikiano wa kiuchumi, kiutamaduni na kisayansi. Ubalozi wa India hugawa kazi hizo katika idara. Ipo ya siasa, ipo ya uchumi na biashara, ipo ya habari na utamaduni, ipo ya utawala, ipo ya kikonseli, na katika baadhi ya miji mikuu yupo pia mwambata wa kijeshi, yaani afisa wa jeshi anayehudumu ubalozini. Maafisa wengi wa ngazi za juu hutoka katika Utumishi wa Mambo ya Nje wa India, ulioanzishwa Oktoba 1946, ambao mtu huuingia kwa mtihani wa taifa wenye ushindani mkali mno. Nao husaidiwa na watumishi walioajiriwa papo hapo, madereva, makarani na wakalimani, ambao ndio kumbukumbu ya ofisi, kwa kuwa maafisa huhamishwa kila baada ya miaka michache nao hubaki.

Kwa hiyo, ndugu dereva, yule bwana mwenye suti unayemwona akitoka mchana huenda anakwenda wizarani kueleza msimamo wa New Delhi kuhusu kura itakayopigwa Umoja wa Mataifa, na mwenzake yumo ndani akimtafutia mfanyabiashara wa Mumbai mnunuzi wa pampu za maji. Usisahau pia kwamba ubalozi mmoja unaweza kubeba mizigo kadhaa. Ule wa Nairobi unaiwakilisha India pia katika mashirika ya Umoja wa Mataifa ya mazingira na makazi yenye makao yao mjini humo, na ule wa Addis Ababa unashughulika na Umoja wa Afrika. Rwanda ilihudumiwa kutoka Kampala mpaka ubalozi wa Kigali ulipofunguliwa mwaka 2018.

Siku mbili kwa mwaka, 15 Agosti (Siku ya Uhuru) na 26 Januari (Siku ya Jamhuri), kazi hizo husimama asubuhi na lango hufunguliwa kwa raia wote. Mkuu wa ujumbe huvuta kamba, bendera iliyokunjwa ikafunguka, na maua yaliyofichwa ndani yake yakamwagika juu ya vichwa vya waliosimama chini. Wimbo wa taifa huimbwa kwa sekunde zipatazo 52, kisha yeye husoma hotuba ya Rais wa India kwa taifa. Nimewaona wazee waliokaa ugenini miaka 40 wakiinama kuokota yale maua na kuyaweka mfukoni.

SWALI: Jirani yetu, fundi mitambo kutoka Kerala, alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo. Mkewe yuko India na hapa hana ndugu. Sisi majirani ndio tuliohangaika siku sita kabla mwili haujasafirishwa. Je, ubalozi haukupaswa kufanya yote hayo? (Mama mwenye nyumba)

JIBU: Pole sana, mama, na Mungu awalipe kwa utu mliomtendea mgeni wenu. Nitalijibu swali lako kwa kirefu, kwa sababu hii ndiyo kazi iliyo nzito kuliko zote dirishani na isiyojulikana kabisa kwa watu wa nje.

Mtu akifariki ugenini, ubalozi wake haumiliki mwili wake wala hauwezi kuuchukua mochwari kwa amri. Sheria inayotawala ni ya nchi alikofia. Kwanza lazima kipatikane cheti cha kifo kutoka mamlaka za huko, na kama kifo ni cha ajali au kina utata, ripoti ya polisi na ya uchunguzi wa mwili. Inahitajika barua ya ridhaa kutoka kwa ndugu wa karibu, inayosema kama wanataka mwili urudishwe, uzikwe au uchomwe huko huko, na kumtaja anayeruhusiwa kuushughulikia. Hapo ndipo siku nyingi hupotelea, maana mjane yuko kijijini, amepigwa na butwaa, na karatasi anayotakiwa kuitia saini iko katika lugha asiyoisoma. Kisha inahitajika hati ya kuthibitisha kwamba mwili umetiwa dawa ya kuuhifadhi na sanduku limefungwa ipasavyo. Baada ya hapo ubalozi husajili kifo, hufuta pasipoti na kutoa hati ya kutokuwa na pingamizi, ambayo bila hiyo shirika la ndege halipokei sanduku.

Nilishuhudia mara nyingi jinsi pasipoti inavyofutwa. Afisa huigeuza, hukata pembe ya jalada kwa mkasi, hupiga mhuri wa kufutwa, kisha huirudisha kwa mikono miwili. Siku moja kijana aliyekuja kwa niaba ya marehemu kaka yake aliokota kile kipande kidogo cha jalada la buluu kilichoanguka mezani akaomba akichukue, na afisa akampa.

Kuhusu gharama, mwajiri ndiye hutazamwa kwanza, kisha bima. Vyote viwili vikikosekana na familia ikiwa haina uwezo, kuna Mfuko wa Ustawi wa Jumuiya ya Wahindi, ulioanzishwa mwaka 2009, ambao kila ubalozi wa India unaweza kuutumia kwa kusafirisha miili, kuwapa hifadhi wafanyakazi waliotelekezwa, kulipia matibabu ya dharura na nauli ya kurudi, na hata msaada wa wakili. Fedha zake hutokana na tozo ndogo inayoongezwa juu ya ada za huduma za kikonseli, maana yake kila Mhindi anayelipia pasipoti mpya amechangia sanduku la mwenzake asiyemjua. Mimi naona hili ni jambo jema ambalo mataifa mengine, na letu pia, yangefaa kuliiga.

Kwa hiyo siku sita si nyingi, mama, ingawa ninajua zilivyokuwa ndefu kwenu. Ubalozi ulipaswa kuwaambia mapema orodha ya hati na kuwasiliana na mjane. Kama haukufanya hivyo, ulikuwa na deni kwenu.

SWALI: Rafiki yangu Mhindi amekamatwa na polisi. Ubalozi wake unaweza kumtoa?

JIBU: Hauwezi, na yeyote anayewaahidi hivyo kwa fedha anawadanganya. Unachoweza kimeandikwa katika kifungu cha 36 cha Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 unaohusu uhusiano wa kikonseli. Polisi wanapaswa kumweleza mgeni waliyemkamata, bila kuchelewa, kwamba ana haki ya ubalozi wake kujulishwa, na akitaka ujulishwe, waujulishe. Maafisa wana haki ya kumtembelea, kuzungumza naye, kuandikiana naye na kumtafutia wakili. Lakini akikataa mwenyewe, nao hujizuia.

Msidhani haki hiyo ni ya karatasini tu. India iliipigania mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague katika kesi ya Kulbhushan Jadhav, raia wake aliyekamatwa na Pakistan mwaka 2016 na kuhukumiwa kifo na mahakama ya kijeshi kwa madai ya ujasusi. Pakistan ilidai kwamba mtuhumiwa wa ujasusi hastahili haki hiyo. Tarehe 17 Julai 2019 majaji 15 dhidi ya mmoja waliamua kwamba kifungu cha 36 kilikiukwa na kwamba mkataba hauna ubaguzi wa namna hiyo. Mahakama haikuamuru aachiliwe, bali iliamuru hukumu na adhabu yake zipitiwe upya kwa njia yenye maana. Tofauti hiyo inaonyesha vizuri uwezo wa ubalozi unapoishia: unadai mtu wako atendewe kwa haki, hauamui hatima yake. Nchi hizo mbili, pamoja na uhasama wao, zina makubaliano ya mwaka 2008 ya kupeana majina ya wafungwa wa kila upande mara mbili kwa mwaka, tarehe 1 Januari na 1 Julai, kazi ambayo hupitia balozi zao.

Rafiki yako akihukumiwa na kama kuna mkataba baina ya India na nchi iliyomhukumu, anaweza kuomba kumalizia kifungo kwao chini ya Sheria ya India ya Kuhamisha Wafungwa ya mwaka 2003. Kwa sasa mwambieni jambo moja: atamke wazi mbele ya polisi kwamba anataka ubalozi wake ujulishwe.

SWALI: Babu yangu mzaa baba alizaliwa Gujarat akaja huku akiwa kijana. Mimi ni raia wa hapa. Nasikia ninaweza kupata uraia wa India bila kupoteza wangu. Ni kweli?

JIBU: Umeambiwa nusu ya ukweli, dada yangu. India hairuhusu uraia pacha. Raia wake anayechukua kwa hiari uraia wa nchi nyingine hupoteza ule wa India papo hapo kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1955, na anapaswa kuirudisha pasipoti ubalozini. Kinachokuhusu wewe ni kadi ya OCI, iliyoanzishwa mwaka 2005, ambayo jina lake refu, Raia wa India wa Ng'ambo, limewapotosha wengi. Hiyo si uraia. Ni ruhusa ya maisha ya kuingia India mara nyingi upendavyo, kukaa, kusoma na kufanya kazi nyingi, bila kujiandikisha kwa maafisa wa uhamiaji. Haikupi kura wala pasipoti ya India, na hairuhusu kununua shamba, ingawa unaweza kulirithi. Kwa kazi ya uandishi wa habari, utafiti au umisionari ni lazima uombe kibali maalumu.

Kadi hiyo inawafikia watoto, wajukuu na vitukuu wa mtu aliyekuwa raia wa India, au aliyestahili kuwa raia, Katiba ilipoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950. Asiyestahili ni yule ambaye yeye, mzazi, babu au babu wa mzazi wake aliwahi kuwa raia wa Pakistan au Bangladesh. Kazi ngumu ni kuthibitisha asili. Tafuta pasipoti ya zamani ya babu, cheti chake cha kuzaliwa, hati za shule au za ardhi, kisha vyeti vya kuzaliwa vinavyokuunganisha naye kizazi kwa kizazi. Kama jina limeandikwa kwa namna tatu tofauti katika hati tatu, usifiche. Eleza kwa kiapo. Fungueni pia masanduku ya zamani ya familia, kwa sababu Katiba ya India, katika kifungu chake cha 8, iliwaruhusu watu wa asili ya India walioishi nje kujiandikisha kuwa raia kwa mwakilishi wa nchi hiyo mahali walipo, na karatasi kama hiyo ya miaka ya 1950 ina thamani kubwa kuliko maelezo ya mdomo.

SWALI: Je, ni kweli ukiingia ndani ya uzio wa ubalozi umeshaingia India? Na mtoto akizaliwa humo?

JIBU: Si kweli. Ardhi inabaki ya nchi mwenyeji na sheria zake zinatumika. Kilichopo, kwa kifungu cha 22 cha Mkataba wa 1961, ni kwamba polisi hawaruhusiwi kuingia bila idhini ya mkuu wa ujumbe, na nchi mwenyeji ina wajibu wa pekee wa kuulinda uzio huo. Wajibu huo si maneno matupu: tarehe 7 Julai 2008 bomu lililipuka langoni mwa ubalozi wa India mjini Kabul, likaua zaidi ya watu 50, akiwemo mwambata wa kijeshi na afisa wa habari, na wengi wa waliokufa walikuwa Waafghani waliokuwa nje ya lango. Mtoto hapati uraia kwa kuzaliwa ndani ya jengo, bali kwa wazazi. Mzazi aliye raia wa India na ambaye mtoto wake amezaliwa nje anapaswa kumsajili ubalozini ndani ya mwaka mmoja, na ninawasihi msilisahau hilo, maana kusajili kwa kuchelewa kunahitaji idhini ya serikali kuu.

SWALI: Natakiwa kumpeleka mama India kwa upasuaji. Niende ubalozini?

JIBU: Mara nyingi hutahitaji, kwa sababu visa ya matibabu huombwa kwa mtandao, na ndugu wa karibu wawili wanaweza kuombewa visa ya kumsindikiza mgonjwa. Andaa barua ya hospitali ya India inayotaja ugonjwa, na kama mnatoka nchi yenye homa ya manjano, chanjeni angalau siku 10 kabla ya safari. Tumieni tovuti ya serikali peke yake, kwani zipo nyingine zinazofanana nayo ambazo hutoza fedha nyingi bure. Namwombea mama afya.

SWALI: Kaka yangu ameoa binti wa Kihindi, nao wanafanya kazi katika nchi yenye misukosuko. Vita vikizuka, ubalozi wa India utamchukua mke na kumwacha mume?

JIBU: Wajibu wa ubalozi ni kwa raia wake kwanza, na shemeji yako atakuwa mbele katika orodha. Hata hivyo rekodi ya India katika jambo hili inatia moyo. Mwaka 2015 ilipowatoa watu Yemen kwa meli na ndege, miongoni mwa waliookolewa walikuwemo wageni wapatao 960 kutoka nchi 41. Mwaka 1990, Iraq ilipoivamia Kuwait, zaidi ya Wahindi 170,000 walirudishwa nyumbani, wengi wao wakipitia Amman.

Ukitaka kuona kazi hiyo ilivyo, tazama Sudan mwezi Aprili 2023. Mapigano yalikuwa katikati ya Khartoum, na maafisa wa ubalozi wenyewe walikuwa wamezingirwa kama raia waliotakiwa kuwaokoa. Walipanga mabasi, wakatafuta mafuta na madereva walio tayari kwenda zaidi ya kilomita 800 hadi Port Sudan, wakawaambia watu kwa simu lini watoke na wapite wapi. Kutoka Port Sudan meli za jeshi la majini na ndege za kijeshi ziliwavusha hadi Jeddah, na huko wengine walilala katika shule ya Kihindi wakisubiri ndege ya nyumbani. Mwaka mmoja kabla, Ukraine iliposhambuliwa, ubalozi wa Kyiv ulihamia Poland kwa muda baada ya maelfu ya wanafunzi wa udaktari kuvushwa mipakani.

Sasa kwa kaka yako. Shemeji ajiandikishe katika ubalozi wa India wa huko sasa hivi, akimtaja mumewe na watoto na namba zao za simu. Cheti cha ndoa kiwe karibu, nakala yake pia, kwa sababu usiku wa kupanda basi hicho ndicho kitakachoonyesha kwamba huyu ni mume. Naye kaka yako ajiandikishe katika ubalozi wa nchi yetu, au ule unaotuhudumia kama wetu haupo, na awape maafisa hao jina la mkewe, ili ofisi zote mbili ziwe na majina mawili katika orodha zao.